Rudi Ukiona Siku Zako

Nilipokuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto mkoani Tabora, niliwarudisha nyumbani wanawake wengi waliotoka kujifungua na kuja kuniomba njia ya uzazi wa mpango. Wote niliwapa jibu moja: "Rudi ukiona siku zako." Nilikosea, na wapo waliobeba mimba wasiyoitaka kwa sababu yangu.

Nilidhani nawalinda. Kipimo cha mimba hakikuwapo kila wakati, nami nilihofia kumpa dawa mwanamke ambaye huenda ni mjamzito. Damu ya mwezi ndiyo niliyoitegemea kama ushahidi. Nikalipuuza nililofundishwa chuoni, kwamba yai hupevuka kwanza, na damu hufuata wiki mbili hivi baadaye. Mwanamke anaweza kushika mimba kabla hajaona hata tone tangu ajifungue. Asiyenyonyesha, hilo linaweza kumkuta hata kabla ya arobaini kwisha.

Mama mmoja alikuja mtoto akiwa na wiki sita, siku ya chanjo, akataka vijiti. Nikampa jibu langu. Akarudi kwa chanjo ya wiki ya 10, akarudi ya 14. Nikamchoma mtoto sindano, nikajaza kadi, mama mwenyewe sikumuuliza neno. Mtoto alipofika miezi minne, mama mkwe akaanza kumnywesha uji, ziwa likabaki la usiku tu. Alipoletwa kwa chanjo ya surua, miezi tisa, tumbo la mama lilikuwa limeshajitokeza. Siku zake hazikuwahi kurudi.

"Dada nesi, si uliniambia nisubiri? Nimesubiri."

Mtaani walisema amembemenda mtoto. Mtoto alikuwa amekonda kweli, maana aliachishwa ziwa ghafla kwa imani kwamba maziwa ya mjamzito yanadhuru. Lawama zote zikamwangukia yeye. Mimi nikanyamaza, ingawa neno langu moja mbele ya mama mkwe lingempunguzia aibu ile. Kunyamaza huko kunaniuma kuliko yote.

Sisi wahudumu hupenda kulalamika kwamba wanawake wana imani potofu: kitanzi hupanda hadi moyoni, vijiti hupotelea mwilini, sindano hufunga kizazi. Maneno hayo yapo, nimeyasikia mara nyingi. Lakini yule mama hakuwa na hofu yoyote. Alijua anachotaka na alikitaja kwa jina. Kizuizi chake kilikuwa mimi, nikiwa na sare yangu nyeupe.

Nilipaswa kumuuliza maswali tu. Mtoto hajafikisha miezi sita? Ananyonya maziwa ya mama pekee, usiku na mchana? Siku zako hazijarudi? Wakati ule wa wiki sita angejibu ndiyo kwa yote matatu, na mwanamke wa namna hiyo, kama hana dalili za mimba, hahitaji kipimo wala kusubiri damu. Vijiti angewekewa palepale. Hata sindano au kitanzi angeweza kupata. Kitanzi huweza kuwekwa hata ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Vidonge vyenye homoni mbili ndivyo ambavyo kwa kawaida anayenyonyesha husubiri mpaka mtoto afikishe miezi sita. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Yeye alikaa kama mitano.

Wauguzi wenzangu, msimrudishe mama kwa sababu ya damu. Nawe mama uliyejifungua, hiyo siku ya chanjo ya wiki sita ni yako pia: sema unachotaka, na ukiambiwa urudi ukiona siku zako, omba uulizwe kwanza maswali hayo matatu. Ukishampa mtoto uji, au akifikisha miezi sita, au damu ikirudi, usitegemee tena kunyonyesha kukukinge. Nenda kliniki wiki hiyohiyo.