Siti binti Saad na Jibu Lisilo na Matusi



Jina la Siti binti Saad sote hapa Unguja tumelikuta. Nyimbo zake lakini ndiyo kwanza tumezipata, baada ya shoga yetu kututumia kwa simu. Sasa tukikaa kwenye vyerehani tunaziweka. Ikiadhiniwa tunazima. Wapo kina dada wasiosikiliza muziki, na tunawaheshimu. Wao wabaki na kisa chake tu, kina faida.

Mwanzo zinakwaruza, maana ni santuri za zamani. Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Sikio likishazoea, utausikia udi na fidla za Kiarabu, halafu juu yake Kiswahili chetu hiki hiki. Taarab ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kwenye majumba ya wakubwa. Yeye akaitia maneno ya mtaani Ng'ambo: mapenzi, vijembe, mpaka kesi za mahakamani. Katika wimbo wa Kijiti anasimulia mwanamke aliyeuawa, muuaji akakimbilia bara, na waliofungwa ni wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Hapandishi sauti. Anasimulia, na wewe mwenyewe unaona dhulma ilipo.

Na huyu si binti wa ukoo mkubwa. Alizaliwa Fumba, karibu na mwaka 1880, kwa wazee watumwa. Aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Alipopata jina, wenye wivu wakamtungia wimbo: kawa mtu lini, katoka shamba na kaniki yake, kama si sauti angekula nini? Siti akajibu kwa wimbo pia. Hakumtaja mtu wala hakutukana. Alisema tu kwamba sura na nasaba si kitu, mtu hupimwa kwa akili yake. Wa kwake umebaki mpaka leo. Wale waliomcheka, nani anawajua?

Hapo tukamkumbuka bi harusi wetu mmoja. Alikuja kupimwa gauni la nikaha, akatuomba tumshonee shela zito la kuficha uso hata mbele ya wanawake wenzake, kwa kuwa mawifi walimcheka weusi wake. Tukamwekea Siti, tukamhadithia hayo. Alicheka mpaka machozi. Kisha akasema, "Basi shela liwe jepesi, mashoga zangu. Wanione." Tukalikata jepesi, tukalitia shanga pembeni, na siku ya shughuli aliingia ukumbini uso juu, akawaamkia mawifi mmoja mmoja kwa tabasamu.

Bi harusi mwema, maneno utayasikia. Ya rangi, ya mahari, ya kwenu mlivyo. Mola wetu amekataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, kwa hiyo anayekucheka ana hesabu yake. Wewe usilipize tusi kwa tusi, wala usijifiche. Tafuta neno moja zuri, liseme kwa utulivu, kisha endelea na shughuli yako.

Na kama bibi yako yuko hai, muulize leo ni nyimbo gani za Siti anazozikumbuka. Sisi tumeuliza, na kazi siku hiyo haikwenda kwa vicheko.