Manati na vigae pale Kipawa

Jumamosi vitabu vilipumzika. Tulienda kwa washkaji Kipawa, kule jirani na uwanja wa ndege, kujaribu kulenga shabaha za kurushwa hewani. Wenye mchezo wao hutumia bunduki na visahani vya upana wa sentimita 11. Sisi bunduki tutaitoa wapi? Sheria ya mwaka 2015 inataka leseni. Tukachukua manati, kokoto na vyungu vilivyovunjika. Mmoja anarusha kigae, mwingine anafyatua, watoto wote nyuma yetu.

Jamani, ni kazi! Watu wanne, kokoto 40, sifuri. Kokoto ikifika, kigae kimeshahama.

Sasa kuna mshkaji wetu, boom lake halijaingia. Wiki nzima kapoa, hata chai anasingizia kashiba. Tukamlazimisha ashike manati. Akavuta, paa! Kigae vipande. Akarudia, paa tena! Kumbe amekulia Kyela, akifukuza ndege kwenye mpunga. Siri yake je? "Msipige kilipo, pigeni kinakoelekea."

Nikamkumbuka Alessandra Perilli. Tokyo, mwaka 2021, alipata shaba kwenye mchezo wa visahani, medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa San Marino, kanchi ka watu kama 34,000 tu. Wadogo nao hulenga!

Jioni tukachanga chipsi mayai. Mshkaji kala, kacheka, katutania wote. Boom bado, ila Jumamosi ijayo yeye ndiye kocha. Nani anakuja?