Sahani za Rangi: Tulivyokula Sushi Osaka

Tangu tulivyorudi Bukavu kutoka Japani, sisi watatu tuliokwenda kwa mafunzo ya kuhifadhi samaki, ulizo ni moja tu: "Kweli mulikula samaki mubichi?" Tulikula. Lakini kilichotushangaza zaidi si samaki. Ni kuona mama wa kule anaingia restora na watoto wake bila kuogopa bei.

Tulikuwa Osaka, katika mtaa wa watu wa kawaida: kituo cha treni, duka la dawa, nguo zimeanikwa kwenye balkoni. Mbele ya restora kulikuwa baiskeli nyingi zenye kiti cha mtoto nyuma, na kwa hizo tulijua ni mahali pa wamama. Ukifungua mlango, watumishi wote wanapaaza sauti pamoja: "Irasshaimase!" Ndiyo karibuni yao.

Ndani kuna mkanda wa mashini unaopita polepole kando ya meza zote, ukibeba sahani ndogo. Kila sahani ina vipande viwili: tonge la wali uliotiwa siki, sukari na chumvi kidogo, na juu yake kipande cha samaki. Unatazama, ukipenda unainua sahani. Na rangi ya sahani ndiyo bei yake. Kwa miaka mingi sahani ya bei ya chini ilikuwa yeni 100 tu. Siku hizi imepanda. Mukimaliza, mtumishi anakuja kuhesabu sahani tupu, rangi kwa rangi, munalipa, munatoka. Hata pesa ya kumuachia mtumishi hakuna, si desturi yao.

Meza ya jirani ilikuwa ya mama mmoja, watoto wawili na bibi yao. Kijana mkubwa ndiye aliyepanga sahani tupu na kuzihesabu kwa sauti, na hesabu ilipofika pale mama alipotaka, alitikisa kichwa, wakanywa chai. Hakuna aliyelia. Kwetu, tuseme ukweli, mama anaweza kupita mbele ya restora mwaka mzima bila kuingia. Si kwamba hana falanga hata kidogo. Anaogopa aibu ya bei inayotajwa wakati watoto wamekwisha kula.

Mkanda ule una baba yake, Shiraishi Yoshiaki. Alikuwa na restora ndogo ya sushi, wateja wake wafanyakazi wasio na pesa nyingi, na wapishi hawakutosha. Alitembelea kiwanda cha bia, akaona chupa zinavyopita kwenye mkanda, akawaza: kwa nini sahani zisipite vilevile? Mwaka 1958 akafungua restora ya kwanza ya kuzunguka, pale Higashiosaka, jirani na Osaka. (Ni karibu na miaka ileile sambaza waliletwa kutoka Tanganyika kutiwa katika Kivu yetu, na leo tunadhani walikuwa humo tangu mababu.) Hata kabla ya mkanda, sushi ya namna hii ilikuwa chakula cha haraka cha barabarani, kikiuzwa kwenye vibanda vya mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo. Kwa kifupi, ilianza kama malewa.

Musifikiri kila sahani ni mbichi. Kuna yai la kukaanga lenye sukari, kuna tango lililofungwa katika wali na majani ya baharini, kamba waliochemshwa, mkunga wa kuchoma, hata mahindi yenye mayonezi, ambayo watoto wanapenda kuliko yote. Mmoja wetu alikula hivyo tu na akashiba. Wasabi, ile dawa ya kijani, inapanda puani kuliko pilipili yetu. Watoto wanapewa sushi isiyo nayo. Kula kwa mkono si kosa. Na kibomba kidogo kilicho mezani si cha kunawa: kinatoa maji ya moto sana ya chai, basi watoto wakae mbali nacho.

Sasa hapa musikilize vizuri, kwa sababu tumekwisha kusikia vijana wanaosema watajaribu na sambaza. Hapana! Samaki wale ni wa baharini, na hata hao wana minyoo. Kule wanaiua kwa baridi kali: digrii 20 chini ya sifuri, saa 24 au zaidi, mpaka baridi ifike katikati ya nyama. Siki haiui minyoo ile. Wasabi haiiui. Samaki wa maji matamu anaweza kubeba minyoo ya namna nyingine, na kwetu umeme unakatika wakati unaotaka, frigo si ya kuaminiwa. Sambaza, ndakala, tilapia: zipikwe mpaka ziive. Mama mwenye mimba aache samaki mbichi kabisa, popote alipo. Japani yenyewe inawaambia wamama wajawazito wapunguze samaki wakubwa, kama aina fulani za tuna, kwa sababu ya zebaki iliyomo ndani yao.

Tulichobeba kurudi nacho ni sahani na wali. Mmoja wetu ana malewa karibu na soko. Amenunua sahani za plastiki za rangi tatu na kuandika bei ya kila rangi kwenye ubao mlangoni. Wanaume walicheka. Wamama walisoma ubao, wakahesabu kimya, wakaingia na watoto.

Wali wenyewe ni rahisi: kwa vikombe viwili vya mchele uliopikwa ukashikana, chukua robo kikombe cha siki, vijiko viwili vikubwa vya sukari na kijiko kidogo cha chumvi. Pasha kidogo sukari iyeyuke, mwagia wali ungali moto, geuza polepole, pepea upoe. Juu weka yai la kukaanga au sambaza waliokaangwa wakakauka. Siku ya posho tutaupika kwenye chumba chetu cha mikutano. Mchele upo, siki ipo. Kila mama alete sahani yake, na makala kidogo akiwa nayo.