Mji ambao wazee wa kiume ndio wapishi

Tangu mama afariki, baba yangu anakula chipsi mayai karibu kila jioni. Ana shinikizo la damu, na mimi ni mwandishi wa habari za afya, kwa hiyo kila nikimpigia simu Tanga tunaishia kugombana kuhusu chumvi na mafuta. Niliondoka kwenda likizo tukiwa hatujapatana vizuri.

Nilikwenda San Sebastián, kaskazini mwa Hispania, alikoolewa dada yangu. Wenyeji wanauita mji huo Donostia kwa Kibaski, lugha ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu yeyote aliye hai duniani.

Jioni ya kwanza dada alinipeleka mji wa zamani. Pale watu hawakai mezani. Wanasimama kaunta, wanakula pintxo moja au mbili (tamka "pincho"), kisha wanahamia baa nyingine. Nilianza na gilda: zeituni, anchovi na pilipili ndefu za kijani zilizolowekwa kwenye siki, vyote kwenye kijiti kimoja. Jina lilitokana na filamu ya 1946 aliyoigiza Rita Hayworth. Chumvi yake ilinifanya nimkumbuke baba papo hapo.

Kinywaji chake ni txakoli, mvinyo mweupe wenye uchachu na mapovu kidogo, ambao mhudumu anaumimina kutoka juu kabisa, chupa ikiwa usawa wa kichwa chake. Nilikunywa glasi moja. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama, kwa hiyo msitegemee niwaambie mvinyo ni dawa ya moyo. Ulikuwa mzuri, basi.

Kesho yake tulikwenda Getaria, mizabibu inakopanda vilima vinavyotazama bahari na samaki wazima wanachomwa kwa mkaa nje ya migahawa. Ningeweza kukaa huko wiki nzima.

Lakini kilichobaki moyoni ni Alhamisi usiku. Baba mkwe wa dada, mgane wa miaka 74, alitualika kwenye txoko yake. Hicho ni chama cha wanaume wenye jiko la pamoja. Mwanachama anakuja na vitoweo vyake, anapika, kisha anaandika mwenyewe mafuta na mvinyo alivyotumia na kulipa. Hakuna anayemkagua. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kabisa. Siku hizi vyama vingi vinawakaribisha kama wageni, ila katika baadhi yake jikoni bado ni kwa wanaume. "Usidanganyike," dada alininong'oneza, "wengi wao nyumbani hawagusi hata sufuria."

Mzee alipika bakalao, samaki wa chumvi, kwa mtindo wa pil-pil. Nilidhani ni pilipili, wakacheka. Samaki alikuwa amelowekwa siku mbili, maji yakibadilishwa mara kwa mara ili chumvi itoke. Alikaanga vitunguu saumu kwenye mafuta ya zeituni, akavitoa, akalaza samaki ndani ya kikaango cha udongo. Kisha akaanza kukitikisa polepole, akikizungusha moto ukiwa mdogo, hadi utelezi wa samaki ukachanganyika na mafuta na kuwa rojo zito jeupe. Hakuweka unga wala maziwa. Alitikisa muda mrefu hadi mimi nikachoka kumtazama.

Nilimuuliza, dada akitafsiri, kwa nini hajipikii nyumbani. Akasema samaki wa mtu mmoja hana maana, kwanza nani atamwambia kama amekosea?

Usiku huo sikulala mapema. Miaka mitatu nimemuuliza baba anakula nini. Sijawahi kumuuliza anakula na nani.

Asubuhi nikampigia. Baada ya shikamoo nikauliza, "Baba, pale kwenye chipsi huwa mnakaa na nani?" Akanyamaza kidogo, nadhani akitafuta mtego. Kisha akawataja wazee watatu, na kijana mwenye banda anayewawekea redio. Mmoja wa wazee hao naye amefiwa na mkewe mwaka jana. Tulizungumza nusu saa, chumvi haikutajwa hadi nilipomsimulia yule bakalao.

"Siku mbili?" akashangaa. "Mama yenu ng'onda alikuwa anamloweka usiku mmoja tu. Hebu nieleze tena, maji anabadilisha mara ngapi?"