Barua kutoka Ughaibuni: Reading Ni Karibu, Nauli Ndiyo Mbali

Dada,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ule mrefu uliourekodi huku kuku wakilia nyuma yako. Swali nimelielewa. Binti yako kamaliza shahada ya pili, kazi kapata London, na mjomba wake anaishi Reading, mji ambao treni inamfikisha mtu London kwa nusu saa. Iweje mtoto aende kupanga chumba kwa watu baki? Umesema hata majirani wameanza kuuliza kama tumegombana.

Hatujagombana. Ijumaa alikuwa hapa, kala pilau yangu na ukoko wake akaubeba. Nakujibu kwenye safu hii badala ya kukupigia kwa sababu ukinikatiza katikati ya hesabu nitapotea, na kwa sababu najua wapo kina mama wengine wenye watoto huku wanaojiuliza kama wewe.

Tuanze na hiyo nusu saa. Ni kweli. Kutoka Reading hadi Paddington ni karibu kilomita 60, kama mtu anayetoka Posta kwenda Mlandizi, na treni ya haraka haifiki hata nusu saa. Lakini Reading iko nje ya kanda za nauli za London. Tiketi ya mwaka mzima ya kwenda na kurudi London inazidi paundi 5,000, yaani zaidi ya kodi ya miezi sita ya chumba alichokipata. Na ukishashuka Paddington bado hujafika kazini. Ofisi yake iko Canary Wharf, upande wa mashariki, huku sisi tuko magharibi. Ipo treni nyingine, ya njia ya Elizabeth iliyofunguliwa Mei 2022, inayotoka hapa Reading na kupita chini ya jiji hadi huko bila kubadilisha, ila hiyo husimama vituo vingi na inapita saa nzima. Nasikia tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024 kuna watu Dar wanaopiga hesabu za kulala Morogoro na kuamkia kazini mjini. Wapige, lakini waanze na nauli ya mwezi kabla hawajanunua kiwanja.

Hilo la kanda ndilo lenye mambo. London wameigawa kwa miduara: kanda ya 1 ni katikati ya jiji, kisha 2, 3, na kuendelea kwenda nje. Mgeni akisikia hivyo anafikiri kadiri unavyokaa mbali ndivyo nauli inavyopanda, basi. Sivyo kabisa. Unalipia pia kanda unazopita njiani, na iliyo ghali kuliko zote ni ile ya 1. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuishi wote kanda ya 4, wakafanya kazi jengo moja, na mmoja akalipa zaidi kila asubuhi kwa sababu tu treni yake inakatiza katikati ya mji.

Ndiyo maana ile hoja yako kwamba akae Wembley haikupita, ingawa moyo wangu ulikuwa huko. Ni kweli Wembley kuna watu wa kwetu kwa namna yake: Wahindi waliotoka Kenya miaka ya sitini na wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Pale barabara ya Ealing utaagiza muhogo wa kukaanga wenye pilipili, wao wanauita mogo, na mzee aliye kwenye kaunta akishajua unatoka wapi anakuamkia kwa Kiswahili cha Kampala ambacho hajakisahau. Tulikwenda kuona chumba huko na binti akakipenda. Kutoka Wembley Park ipo treni ya moja kwa moja hadi Canary Wharf. Tatizo ni kwamba inapita kanda ya 1 na inachukua kama dakika 40, na kodi yenyewe haikuwa nafuu. Tulikula muhogo tukarudi.

Kukaa Canary Wharf kwenyewe hata hatukujaribu. Bermondsey, vituo viwili tu kutoka kazini kwake, tulioneshwa chumba cha paundi 1,100 kwa mwezi, dirisha linatazamana na ukuta. Bili za umeme na maji juu yako. Hapo tukaacha kutafuta mtaa tukaanza kutafuta reli, na kama kuna mtoto wa mtu anakuja huku kuanza maisha, nitamwambia afanye hivyohivyo. Chukua ramani ya treni, weka kidole kwenye kituo cha kazini, kisha fuata ile njia moja kwenda nje ya jiji mpaka ufike mahali kodi inaposhuka. Usikubali kubadilisha treni mara mbili. Ukibadilisha mara mbili, siku treni moja ikichelewa unakosa na ya pili, na bosi wa kazi ya kwanza hana subira ya kusikiliza habari za reli.

Kidole chetu kilitoka Canary Wharf kikavuka chini ya mto Thames kikatua Woolwich, kanda ya 4. Ni dakika 8 hivi kwa treni ya Elizabeth, na kanda ya 1 huigusi kabisa. Shida ni kwamba wenye nyumba nao wanaisoma ramani hiyohiyo. Tangu treni hiyo ifike, minara ya vioo imeota kando ya mto na kodi zimepanda nayo. Kwa hiyo tukasogea kidogo, Plumstead, mtaa unaofuata. Treni ya Elizabeth haisimami pale, na hapo ndipo unafuu ulipojificha. Kapata chumba kwa paundi 780 kwa mwezi, kila kitu ndani: umeme, maji, intaneti na kodi ya halmashauri. Mwenye nyumba ni mama wa Kinigeria anayekaa mtaa wa pili. Jikoni kila mpangaji ana rafu yake ya friji iliyobandikwa utepe wa karatasi wenye jina, na sufuria ya wali hairuhusiwi kulala kwenye sinki. Utampenda.

Kwa miguu hadi kituo cha Woolwich ni dakika ishirini na kitu, unapita sokoni Beresford Square. Akichoka kuna mabasi, paundi 1.75 wakati ninaandika, uende kituo kimoja au uende mpaka mwisho wa njia, na ukipanda basi jingine ndani ya saa moja hulipi tena. Usimpe noti za kupandia basi akija huko likizo, hazina kazi. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu 2014, ni kugusa kadi tu. Desemba jua huku linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo kabla ya kukubali chumba tulirudi usiku kuitembea ile njia. Ina taa, ina maduka, ina watu. Nilimwambia miezi ya baridi apande basi na asinisomee hesabu.

Lipo basi namba 53 linaloanzia pale Plumstead na kwenda hadi katikati ya jiji, usiku na mchana. Ukilipanda saa kumi alfajiri utakuta limejaa watu wazima wenye mikoba na sare chini ya makoti, wanakwenda kusafisha ofisi kabla wenye ofisi hawajaamka. Treni ni ya haraka zaidi, lakini kwa mshahara ule, basi ndilo linalowaacha na chakula. Binti yako hatalihitaji sana, nashukuru. Namtajia tu ajue lipo, kwani treni ya Elizabeth haikeshi, na vijana wana sherehe zao.

Na hili litakufurahisha wewe uliyezeeka na pantoni ya Kigamboni: Woolwich kuna pantoni ya kuvuka Thames, watu na magari, na ni bure tangu 1889. Bure kabisa, dada. Mpwa wangu hana la kufanya ng'ambo ya pili lakini ameshavuka kwenda na kurudi, kwa furaha tu.

Mengine nitayapitia haraka. Akiwa mwanafunzi alikuwa na kadi ya kumpunguzia asilimia 30 ya tiketi za wiki na mwezi, na alisamehewa kodi ya halmashauri. Vyote vinakwisha na masomo. Hata nyumba moja ya wanafunzi watatu, marafiki zake, ilimkataa kwa sababu hiyo: nyumba yote ikiwa ya wanafunzi haidaiwi kodi, akiingia mfanyakazi mmoja tu bili inakuja, imepunguzwa robo lakini imekuja. Sikuwalaumu. Halafu ofisini anatakiwa siku tatu kwa wiki, mbili anafanyia nyumbani, kwa hiyo tiketi ya mwezi haimfai. Anagusa kadi ya benki siku anazosafiri, na kwa wiki moja wakishamkata kiasi fulani hawaendelei. Akitoka nyumbani baada ya saa tatu na nusu asubuhi nauli inashuka. Bosi wake bado hajajulishwa.

Sasa fedha, maana najua ndiyo uliyokuwa unaisubiri. Wenye nyumba huku hutaka mshahara wa mwaka uwe angalau mara 30 ya kodi ya mwezi. Kwa chumba cha 780 ni paundi 23,400, na wake unazidi. Lakini kwa kuwa hajapokea mshahara hata mmoja walitaka mdhamini mwenye kazi hapa hapa Uingereza, nami nimesaini. Amana kisheria haizidi kodi ya wiki tano, kwake ni paundi 900, na mwenye nyumba haitii mfukoni tu. Lazima ailinde kwenye mpango unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Ya kushikia chumba ni wiki moja, 180, ambayo ameshatoa na itakatwa kwenye hesabu. Na sheria mpya ya wapangaji iliyopitishwa 2025 imeweka kwamba kuanzia Mei 2026 mwenye nyumba hadai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele. Wasomee hiyo wenye nyumba wa Sinza wanaotaka miezi sita na ya dalali juu, uone watakavyokutazama.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza 780, amana 900, jumla 1,680, toa 180 aliyokwishalipa. Zinabaki paundi 1,500 kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na mshahara wake wa kwanza ni mwisho wa mwezi ujao. Nusu natoa mimi. Nusu nyingine naiweka mikononi mwako na kwenye lile kundi letu la familia, nikianza na baba mdogo, aliyeandika juzi pale kwamba Ulaya hakuna shida ya pesa. Mwambie namba yangu ni ileile na ninapokea mpaka Alhamisi.

Mdogo wako,
Reading