Jiko la Mkate wa Kumimina

Najua kimya kimekuwa kirefu. Nyumba iko kwenye matengenezo, vumbi mpaka ndani ya chai, kwa hiyo leo tuongee jiko.

Mama yangu anahama Tanga kuja kuishi nasi, na sharti lake ni moja tu. Aliniambia kwenye simu: "Mwanangu, kama jikoni kwako hamna pa kukaa mimi, basi nikija nitakuwa mgeni." Hilo fundi wa makabati halijamwingia. Kachora makabati ukuta hadi ukuta, na meza ya kazi yenye kimo cha sentimita 90, kama ilivyo kawaida huku. Jiko la namna hiyo ni la mtu anayepika kasimama. Sisi wa Pwani mbuzi ya nazi tunaikalia, mchele tunauchagua chini, chapati tunasukuma tumekaa kwenye kigoda. Mama hawezi kusimama saa nzima, lakini mkalishe chini uone!

Kipimo changu ni mkate wa kumimina. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui zito, unatiwa hamira na iliki, halafu rojo linaachwa liumuke. Sukari na ute wa yai uliopigwa vinafuata. Unamimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, na chini ukishashika, unapunguza moto na kupalia makaa juu ya kifuniko ili uso upate rangi. Jiko likiuweza mkate huo, litaweza mengine yote.

Sasa Johannesburg ina mambo yake. Mji uko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo rojo likipata joto huumuka haraka kuliko Tanga, kisha mkate unabonyea katikati. Dawa yake ni kupunguza hamira. Lakini ikifika Juni na Julai kibao kinageuka: baridi kali, hewa kavu, hamira inalala. Hapo rojo linataka joto na kitambaa chenye unyevu juu yake. Kwa kuwa tuko kusini mwa dunia, jua la kipupwe linaingia kwa dirisha la kaskazini. Rafu ya kuumulia nimeipangia hapo hapo.

Tuje kwenye moto. Mgawo wa umeme ulianza huku mwishoni mwa 2007, na 2023 ulikuwa mbaya kupita miaka yote. Tangu 2024 umepungua sana, lakini mkate ulio nusu haungoji umeme urudi. Nimechagua jiko la gesi lenye moto wa juu na wa chini, lifungwe na fundi aliyesajiliwa, maana gesi haina mzaha. Na nje kibarazani kutakuwa na mahali pa mkaa. Makaburu wana mkate wao uitwao potbrood, unaookwa kwenye chungu cha chuma, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Ni kupalia kule kule kwetu! Hata Wales, mbali huko, vikeki vyao vya kienyeji havihitaji oveni. Huiva juu ya bamba zito la chuma. Kumbe walimwengu wengi walioka vizuri kabla ya oveni.

Iliyobaki ni kona. Mita moja na nusu chini ya dirisha hilo, bila kabati lolote. Vigae vya huku wakati wa baridi ni barafu, kwa hiyo panajengwa jukwaa la mbao, mkeka juu yake, mbuzi pembeni, na bomba la maji fupi ambalo Mama atalifikia bila kuinuka. Nazi zipo Fordsburg kwenye maduka ya Wahindi.

Fundi kaniambia kona hiyo itashusha bei ya nyumba siku nikitaka kuuza. Huenda. Nikamjibu kwamba mnunuzi hajaja, anayekuja ni Mama, naye kapika tangu mimi sijazaliwa. Mtu wa namna hiyo ukimweka sebuleni mbele ya televisheni umemstarehesha, lakini kazi yake umemnyang'anya.

Kesho fundi anang'oa kabati la kwanza. Karibuni mkate.