Na sisi tulienda Bunyonyi kutembea



Leo tunaandika juu ya matembezi. Ndiyo, matembezi. Siyo semina, siyo mafunzo ya ujasiriamali, siyo kikao cha kusaini karatasi ya mahudhurio. Tulienda Ziwa Bunyonyi siku mbili, tukalala kwenye hema, tukapiga kasia, tukarudi. Kabla ya kuondoka, watu wengi hapa kambini walituuliza: chakula kimepunguzwa, halafu nyinyi mnaenda kutalii? Swali hilo ni la haki. Tutalijibu, lakini kwanza tuwaambie tulichokiona.

Bunyonyi iko kusini magharibi mwa Uganda, karibu na mji wa Kabale, si mbali na mpaka wa Rwanda. Jina lake kwa lugha ya Wakiga maana yake ni mahali pa ndege wadogo wengi, na kweli asubuhi ndege ndio wanakuamsha. Ziwa lina visiwa 29. Kando yake ni milima mitupu iliyolimwa matuta kama ngazi, kuanzia majini mpaka juu kileleni. Zamani hapa palikuwa bonde la mto. Volkano ikamwaga moto wake, lava ikaziba njia ya maji, bonde likajaa. Vile tunavyoviita visiwa ni vichwa vya vilima ambavyo havikuzama. Na baridi jamani! Ziwa liko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Uvira au Bujumbura asije na shati moja.

Kuna jambo lilitushangaza. Wengi wetu tulishapita karibu na ziwa hili bila kulijua. Mwaka 2022, vita ilipofika Bunagana, tulivuka tukapokelewa Nyakabande, pale Kisoro, kisha tukapandishwa mabasi kuja Nakivale. Barabara ya kutoka Kisoro kwenda Kabale inapita karibu na ncha ya kaskazini ya Bunyonyi. Lakini siku ile nani aliangalia dirishani? Watoto walikuwa wanatapika, mama wanahesabu mizigo, wengine simu mkononi wakitafuta ndugu. Kumbe uzuri wote huu ulikuwa pale pembeni.

Tulikuwa watu 14, kwa sababu taksi ya huku ina viti 14. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Msomali mmoja. Hakuna shirika lililolipa. Kila mtu aliweka shilingi 2,000 kwa wiki, miezi mitano. Kuna aliyefua nguo za watu, kuna aliyeuza chapati, kuna aliyenyoa nywele. Mtunza pesa wetu ni dada ambaye hata kaka yake wa tumbo moja hakumkopesha, ndiyo maana pesa ilifika.

Tulipofika Rutinda, pale mitumbwi inapoegesha, wawili wetu walikataa kupanda. Mmoja alivuka Ziwa Albert kutoka Ituri mwaka 2018, usiku, mtumbwi umejaa mpaka maji yanaingia. Kwake ziwa si picha ya kuweka kwenye simu. Hatukumvuta, hatukumcheka. Tulimwachia chai na mtu wa kukaa naye. Tuliporudi mchana alisema, "Nipelekeni pale karibu tu, kisha mnirudishe." Akavaa jaketi la kuelea, akafunga macho mpaka katikati, akayafungua. Mwenzake alibaki nchi kavu siku zote mbili, akapanda mlima, na alisema amefurahi vilevile. Tunawaandikia hili nyinyi mnaopanga safari za vijana: ulizeni kwanza nani alivuka maji, na alivuka vipi.

Mitumbwi ya huku huchongwa kwenye gogo zima la mkalitusi. Inaonekana rahisi, lakini sisi tuliopiga kasia mara ya kwanza tulizunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa. Watoto wa shule wa ng'ambo walitupita wakicheka. Baba aliyetuongoza alituambia tupige kasia upande mmoja na kuligeuza kidogo mwishoni mwa kila pigo. Baada ya saa nzima tukaanza kwenda mbele.

Yule baba alijua hadithi ya kila kisiwa. Akampene ni kidogo sana, nyasi tu na mti. Zamani msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alipelekwa pale aachwe afe kwa njaa na baridi. Wengine walijaribu kuogelea wakazama. Mwanaume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda kumchukua awe mke wake bila kulipa. Dada zetu walinyamaza kimya. Halafu mmoja akasema, "Hata kambini kuna Akampene, ila haina maji." Sote tunajua wasichana waliobeba mimba, wakaacha shule, na hakuna aliyekwenda kuwasalimia tena. Mvulana aliyehusika yuko uwanjani anacheza mpira. Tulizungumza juu ya hilo mpaka tukafika kisiwa kingine, na wavulana hawakuweza kukimbia, tulikuwa mtumbwi mmoja.

Bwama ni kikubwa. Daktari Mwingereza, Leonard Sharp, alianzisha pale makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Watu walitengwa, lakini walitibiwa, walilima, walisali. Dawa zilipopatikana, ukoma ukapungua, na leo majengo ni ya shule. Wanafunzi wanakwenda na mtumbwi.

Kisiwa tulichokipenda zaidi kwa hadithi ni Bucuranuka, maana yake kilichopinduka. Wanasema watu walikuwa wanakunywa pombe, akaja bibi kizee asiyejulikana akaomba kidogo. Wakamfukuza. Akaomba tu mtu wa kumvusha, wakampa kijana. Walipofika ng'ambo, kisiwa kikapinduka na walevi wote. Akapona kuku. Sisi tulicheka, lakini tulielewa. Ni hadithi ya mgeni aliyegonga mlango.

Mahali pa kulala palizuka kasheshe. Mpokeaji wageni aliangalia vitambulisho vyetu vya ukimbizi akasema tulipe bei ya wageni kutoka nje, kwa dola. Sisi! Tulieleza kwa upole kwamba tunaishi Isingiro, tunanunua unga Isingiro. Akampigia mkubwa wake, tukalipa bei ya wenyeji, hema tatu. Jioni tulikula viazi na kamba wadogo wa ziwani, Wakongo tukawaita kosakosa, Msomali wetu akakataa kabisa kuonja.

Sasa lile swali. Ndiyo, chakula kimepunguzwa, na pesa ile ingenunua unga. Lakini unga ungekwisha ndani ya wiki. Tumekaa miaka tukiulizwa tumepoteza nini, tunahitaji nini, na tumejibu. Siku mbili hakuna aliyetuuliza. Tuliulizwa tu kama tunajua kupiga kasia. Wenzetu wa mashirika mnaosoma hapa, hatuombi mtulipie utalii. Tunaomba msishangae mkituona tunacheka, wala msiandike kwamba basi hatuna shida.

Kwa wanaotaka kwenda: beba kitambulisho, toa taarifa kwenye ofisi ya makazi kabla ya kuondoka, patana bei ya mtumbwi ukiwa bado nchi kavu. Mamba na viboko hakuna, siyo kama ziwa letu la Nakivale, lakini kina kinaanza ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni, kwa hiyo jaketi la kuelea ni lazima hata kwa anayejua kuogelea. Na sweta, tumeshasema.

Mfuko wetu umeanza tena wiki hii. Safari hii tunataka viti viwili vya wasichana waliojifungua na kukaa nyumbani. Mtoto atapakatwa. Anayemjua dada wa namna hiyo, atuambie, tutakwenda kumwomba mama yake wenyewe.